Karani wa Chai na Medali ya Tecla

Karani wa kituo chetu cha chai hapa Kiptere hapokei kitu bila kukinusa. Majani huyageuza kwa vidole vitatu, polepole, akitafuta lile gumu. Hata kikombe nikimpa hukiinua kwanza aone chini, na bado sijajua anatafuta nini. Basi juzi Tecla akamletea medali aliyotumiwa na mwanawe Kiplimo, anayesoma China. Huku kwetu medali ni ya mbio tu, na Tecla, akijua kijana ameshinda, alikuwa ameshaalika kanisa zima Jumapili, mbuzi wa kuchinjwa amefungwa tayari. Karani akainusa, akayapiga picha maandishi yake ya Kichina kwa simu, akasoma tafsiri. “Mama Kiplimo, hii si ya mbio. Huuziwa wageni waliopanda ule ukuta wao mrefu.”

“Mbuzi amepona!” Loice, mkulima mwenzetu, akacheka kwenye foleni. Tecla akainama. Lakini karani alikuwa bado anaigeuza, akiisugua nyuma kwa kidole gumba cheusi kwa utomvu wa chai. “Kuna jina limechongwa hapa, dogo sana. Si la kijana. Limeandikwa Tecla.” Mama Kiplimo akaivaa palepale, juu ya aproni. “Jumapili mje,” akasema. “Aliyepanda ukuta ni mimi.”