Pikapu Isiyo na Nafasi ya Mkwe

Pale gereji ninapopeleka gari langu, mtaani kwetu Ngokolo, wanaume wakisubiri fundi hawana mazungumzo mengine zaidi ya magari yao. Nani alinunua nini, nani aliuziwa mkweche, nani angerudi nyuma angechagua lipi. Hakuna anayekubali kwamba alikosea. Mtu gari lake liko juu ya mawe, injini iko chini kwenye turubai, bado anakuambia, "Hii mashine, mama, haina mpinzani." Mh! Haya bwana, endelea kuisifia.

Mimi wananiita Mama Pikapu. Wakinichokoza kama najuta kununua singo kebini, yenye kiti kimoja kirefu mbele na bodi refu nyuma, nilikuwa nawawahi kabla hawajamaliza kucheka. Nawaambia, nyie nunueni hizo dabo kebini zenu za kupeleka wake zenu saluni, mimi napeleka mchele machimboni. Wanacheka, nami nacheka. Halafu nawasha gari naondoka, na kwenye kile kiti kirefu niko peke yangu na mkoba wangu.

Pikapu ile tuliinunua Mwanza, mimi na mume wangu, kwa mtu aliyekuwa nazo mbili zinazofanana rangi. Moja dabo kebini, ina milango minne na viti vya nyuma, lakini bodi lake fupi. Nyingine ndiyo hii. Mume wangu alikuwa mtu wa polepole, akasimama katikati ya magari mawili anajikuna kichwa. Akasema, "Mke wangu, hii ya viti inaonekana ya kifamilia." Nikamwambia sisi hatuanzishi kampuni ya harusi, sisi tunauza mchele. Tukapanda kwenye bodi, tukalala humo chali kama watoto kupima urefu, muuzaji anatuangalia tu. Gunia za lumbesa, zile zilizojazwa kupita mdomo, zingeingia nyingi. Tukapiga teke tairi, tukachungulia chini kama springi zimevunjika, tukaridhika. Tulipima kila kitu, jamani, ila mkwe hatukumpima.

Siku ileile ya kwanza tuliyoipeleka kijijini kwetu, upande wa Bugarama, mama yangu alitoka nje akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Akaizunguka, akaigusa taa, akaipangusa vumbi kwa khanga yake. Mume wangu kama kawaida alikuwa amesimama mbali, amegeuka upande kidogo, maana kwetu Wasukuma mama hamsogelei mkwe wake. Wanasalimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na mama akimkuta mkwe njiani anakwepa. Siyo chuki, ni heshima, na mama yangu kwenye heshima hakuwa mtu wa kupunguza hata kidogo.

Nikamwambia mama, "Mayu, panda ndani, tukakuoneshe mjini. Ukae kwetu wiki moja utuone tunavyoishi."

Akafungua mlango akachungulia ndani. Akaangalia kile kiti. Akaangalia usukani. Akaniangalia mimi.

"Anaendesha nani?"

"Si mkwe wako, nani mwingine?"

"Na mimi nakaa wapi?"

Hata nikikaa mimi katikati, kiti ni kimoja, goti langu moja kwa mume wangu na jingine kwa mama yangu, pumzi zao zinapishana mbele ya pua yangu safari nzima. Mama akafunga mlango taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba chenye mtu amelala. Akasema, "Gari ni zuri. Nendeni salama."

Mume wangu alijisikia vibaya sana. Tuliporudi safari nyingine alikuja na rafiki yake dereva, akasema mama akae mbele na mimi na dereva, yeye mwenyewe atapanda nyuma. Akapanda kweli! Akakaa juu ya magunia matupu, na suruali yake ya kitambaa, ameshika bomba la bodi. Mama alipandishwa mbele, tukaondoka, hatujafika hata shuleni akageuka kuangalia kioo cha nyuma, akamwona mkwe wake anarushwa huku na huku kwenye mashimo kama mbuzi wa mnadani. Wee! Mama alipiga kelele, simamisha gari, simamisha. Akashuka. Akasema mkwe aliyemwoa binti yake hawezi kubebwa kama mzigo kwa sababu yake, watu watamcheka mpaka kaburini. Akarudi nyumbani kwa miguu, na mume wangu akabaki kule nyuma hajui ashuke ama akae. Tulipofika Kahama ndiyo tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka dereva akapaki pembeni.

Basi la abiria mama hataki, linamtapisha. Isitoshe alisema, watoto wake wana gari, apande basi watu wamseme nini? Kwa hiyo hakuja. Mwaka ukaisha, na mwingine, mimi nikimwona nikipitisha mchele machimboni, nashuka nakunywa uji, naondoka. Ngokolo hakuwahi kufika. Hajawahi kukaa kwenye kochi langu, hajawahi kuonja maji ya bomba langu, wala hajui mlango wa jikoni unafungukia upande gani.

Mdogo wangu wa kiume yeye mambo yalimnyookea. Ananunua na kuuza mawe ya dhahabu, akajenga Kahama, upande wa Buzwagi, akanunua dabo kebini nyeupe. Hapo hakukuwa na shida yoyote, ni mwanaye wa kumzaa. Na hata akipanda mkwe, yaani mume wa dada yetu mwingine, mama anakaa zake kiti cha nyuma kabisa dirishani, mkwe mbele, katikati yao kuna migongo ya viti, kila mtu anaangalia upande wake, heshima imetulia. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mkwe na mama mkwe, gari moja, wanakwenda kwenye ubarikio wa mjukuu, wanaongea kwa kupitia watu wengine. Nilisimama pale nikatazama vile viti vya nyuma vya gari la mdogo wangu, nikavionea wivu. Gari, jamani! Nikavionea wivu viti.

Halafu mume wangu akafariki. Ugonjwa haukumchukua muda mrefu. Sitaki kulieleza sana hilo.

Nilijifunza kuendesha baada ya msiba, kwa hasira, maana madereva niliowapa gari walikuwa wananirudishia mchele pungufu na hadithi ndefu. Wanangu wawili wako mbali, mmoja Dodoma mwingine Mbeya, wanapiga simu Jumapili. Nyumbani nawasha televisheni ili pawe na mtu anayeongea. Kwenye gari naongea mwenyewe. Naliambia, twende mzee wangu, hapo pana shimo, haya, polepole. Wachimbaji wakiniomba lifti kutoka Bugarama huwa wengi, wanarukia nyuma wote ili wakae pamoja, nawasikia wanapiga soga na kucheka huko juu ya bodi, mimi huku mbele naendesha kicheko nisichojua kimeletwa na nini. Nikiwaambia mmoja aje mbele wanaogopa, wanasema, "Shikamoo mama, huku huku panatosha."

Ndipo macho ya mama yakaanza kuharibika. Mwanzo aliona ukungu, kisha akawa anaona kivuli tu. Akaanguka akichota maji. Tukakaa kikao mimi na mdogo wangu, tukakubaliana hawezi kubaki pale peke yake. Kwa dada yetu yuko mkwe, hawezi kuhamia huko. Kwa nani sasa? Mimi nikasema kwangu. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mdogo wangu ana mke, ana watoto, ana wageni wa biashara wanaingia na kutoka. Mimi nina nini? Nilimwambia wazi, "Wewe nyumba yako imejaa. Niachie mama." Akaniangalia, akasema, "Dada, mimi sina neno. Tumwachie mwenyewe aseme."

Sikupinga, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Mkwe aliyemzuia miaka yote hayupo tena. Usukani ninaushika mimi. Nikapaka chumba rangi, nikanunua kitanda kifupi asipate shida kushuka, chandarua, ndoo ya maji yenye mfuniko, kigoda cha kukaa akiota jua la asubuhi. Nikawaambia majirani mama yangu anakuja. Niliwaambia wengi mno.

Siku yenyewe tulikutana kijijini na magari yetu mawili. Nilikuwa nimeliosha langu, nimetandika kitenge kipya kwenye kiti. Majirani walikuja kutusaidia kutoa vyombo. Nikamshika mama mkono, nikamleta mpaka mlangoni mwa gari, nikaufungua.

Akanyoosha mkono akapapasa. Akagusa mlango, akagusa kitenge, akapapasa kiti mpaka mwisho, mkono wake ukafika kwenye usukani. Akaurudisha haraka kama ameshika kaa la moto.

"Hili ni lile la mkwe wangu."

"Ni langu sasa, mayu. Naendesha mimi."

"Alikuwa anakaa hapa."

"Mama, ameshafariki."

"Najua amefariki. Nilikuwepo kwenye mazishi. Amefariki, lakini bado ni mkwe wangu. Nikakalie kiti chake?"

Nilihisi masikio yanapata moto. Nikasema haya, kama shida ni kiti, apande kwenye gari la mdogo wangu, aletwe nalo mpaka Ngokolo, mimi nitafuata na vyombo. Mdogo wangu akadakia palepale, "Hilo halina shida, mama. Nakupeleka popote unapotaka." Haki ya Mungu alisema hivyo, na alimaanisha. Sina cha kumlaumu.

Mama akanitafuta kwa mkono mpaka akapata bega langu.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "nyumba yako siijui. Nilipokuwa naona sikuja. Sasa sioni, ndiyo nije nianze kujifunza mlango? Kwa mdogo wako najua kitanda kiko wapi. Najua choo. Najua pale penye ngazi moja ya kushuka. Nimeshakwenda mara nyingi, si alikuwa ananichukua."

"Nitakushika mkono kila siku, mama."

"Ukienda kuuza mchele je?"

Ningeweza kusema nitaacha mchele. Lilinifika mdomoni. Lakini alikuwa ameshageuka, anasikiliza mlango wa lile gari jingine ulivyokuwa unafunguliwa, na miguu yake ilikwenda yenyewe. Alipofika aliinua mguu bila kuelekezwa, akashika ile kamba ya juu ya dirisha bila kupapasa, akakaa. Mwili ulikuwa unalijua lile gari. Nilisimama nimeshika mlango wangu uko wazi, na majirani, Mungu awabariki, wakajifanya wanahangaika na kuku.

Vyombo sasa. Gari la mdogo wangu lingebeba nini na kile kibodi chake? Vyote vikaja kwangu. Kitanda cha mama, godoro, masufuria, kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, sanduku la nguo, gunia la viazi vikavu, jembe ambalo hatalishika tena ila hakukubali liachwe, na tenga la kuku. Viliingia vyote na nafasi ikabaki. Mtu mmoja akapiga bodi kwa kiganja akasema, "Hii ndiyo gari!" Siku nyingine ningemjibu.

Nikawafuata kuelekea Kahama. Kwa kioo cha nyuma cha gari lao nilikuwa naona kichwa cha mama, kilemba chake cheupe. Madirisha yao yamefungwa, wamewasha kiyoyozi. Mdogo wangu anageuza shingo kidogo kumwambia jambo, kile kilemba kinatikisika, najua anacheka, maana mama akicheka hutikisa kichwa. Vumbi lao lote lilikuwa linakuja kwangu, nami sikutaka kubaki nyuma kulikwepa. Kwenye kiti changu kile kitenge kipya kilikuwa kimekunjika pale alipokipapasa. Nilikuwa mpweke siku ile kuliko siku tuliyozika. Siku ya kuzika kulikuwa na watu.

Tulipofika, wifi yangu alitupokea kwa furaha, watoto wakamshika bibi yao, naye kweli aliijua ile ngazi moja, akaishuka bila kuambiwa. Akakaa barazani. Sisi tukashusha vyombo, na kila kinachopita mbele yake anauliza hiki nini, tunamwambia, anaitikia. Kinu. Sanduku. Kuku wangapi, wote wazima? Wote wazima. Mwisho nilishusha jembe mwenyewe nikaliegemeza ukutani karibu yake.

"Vimefika vyote?" akauliza.

"Vyote, mayu."

"Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna."

Akatabasamu, uso wake umeelekea pembeni kidogo ya mahali niliposimama. "Gari lako zuri, ng'wanawane. Lina nafasi."

Nikamshukuru, "Wabeja, mayu." Nikatoka kwenda kufunga bodi, na nikalilia kulekule nyuma, nimeinamisha kichwa kwenye lile bati, mpaka wifi yangu aliponiita nikanawe mikono tule.