Matanga ya Rufaa ya Mama Dobi

Kesi ile haikutuhusu hata chembe, na nadhani ndiyo maana tuliipenda kiasi kile. Mwishoni mwa miaka ya tisini, sisi Watanzania wachache tuliokuwa tukinunua jinzi Xintang, mji wa viwanda vya jinzi kusini mwa China, tulikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni kusubiri. Unasubiri kitambaa kirudi kutoka kufuliwa, unasubiri zipu, unasubiri kontena lijae. Mtu anayesubiri hula sana na kuhukumu sana. Jioni tulikutana kwenye mgahawa wa supu ya kondoo wa Mchina mmoja Mwislamu. Tulimwita laoban, yaani bosi, kama tulivyomwita kila Mchina aliyekuwa na kitu cha kutuuzia. Hapo ndipo Mkaguzi alipotuletea kesi ya mama yake.

Mkaguzi alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, mpole, aliyetumwa na kampuni ya kwao kukagua suruali kabla hazijapakiwa. Kutwa nzima alivuta zipu. Mezani kwetu alivutwa na harufu ya pilipili niliyoisaga mwenyewe, maana supu ya laoban ilikuwa imepooza. Akakaa, tukaongea naye kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, na hakuhama tena.

Mama yake alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye duka la udobi katika jiji moja kubwa la kwao, akiishi ghorofani juu ya duka hilohilo. Vibaka waliwahi kumvamia dukani. Baada ya hapo akaificha bastola ya marehemu mumewe chini ya kaunta, ndani ya boksi la hanga. Jiji lao lilikuwa limepiga marufuku bastola. Polisi wakaichukua, naye badala ya kunyamaza akalishtaki jiji, kwamba katiba ya nchi inampa haki ya kuwa na silaha. Mahakama ya kwanza ikamkatalia. Akakata rufaa.

"Huyo mama ana damu ya Kizaramo," nilisema siku ile niliyosikia. Mimi ni Mzaramo, na sifa hiyo siigawi ovyo.

Mkaguzi alitueleza kwamba katika katiba yao kuna sentensi moja, fupi kuliko maelekezo ya kufulia jinzi, na wanasheria wameigombania miaka nenda miaka rudi. Inaanza kwa kutaja mgambo, kisha inataja haki ya watu kushika silaha. Mama anasema, watu ndio mimi. Jiji linasema, haki hiyo ni ya mgambo.

Hapo meza ikachafuka. Wengi wetu tulianza kwa kuuza mitumba barabarani Dar es Salaam kabla ya kuijua pasipoti, na hapakuwa na hata mmoja ambaye hajawahi kukimbizwa na mgambo wa jiji, meza yake ikapinduliwa, nguo zake zikatupwa kwenye karandinga.

"Yaani mgambo ndiye apewe bunduki, mjane anyimwe?" niliuliza.

Mkaguzi akajaribu kueleza kuwa mgambo wanaotajwa ni wa kale, wakulima waliomfukuza mfalme wa Waingereza. Hakuna aliyemsikiliza. Mgambo ni mgambo.

Basi tukafungua mahakama yetu palepale. Mimi nikawa jaji, kwa sababu ya sauti. Wakili wa jiji akawa Mnyamwezi mmoja kutoka Tabora, mnunuzi wa redio, mtu mnene mwenye mbwembwe. Alichagua upande huo kwa sababu moja tu, kwamba mimi nilikuwa upande wa mama. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wangu ana ruhusa ya kunisema mbele za watu na kuchukua nyama bakulini mwangu, nami sina ruhusa ya kununa.

"Mheshimiwa jaji," alisema, "huyu mama akirudishiwa bastola atamlenga mteja wa kwanza atakayesema shati lake halikutakata. Nawajua wanawake wa pwani."

"Mahakama inakutoa nje."

"Mahakama yenyewe ina mchuzi kidevuni."

Tulifanya hivyo miezi kadhaa. Kila wakili wa mama alipotuma faksi yenye matumaini, tulishangilia, na laoban naye alishangilia bila kujua kwa nini. Tulipoambiwa kwamba kwenye rufaa majaji watatu husoma makaratasi tu, na mama mwenyewe hatasimama mbele yao kujieleza, nilichukia. Tena ni majaji wa serikali katika kesi dhidi ya serikali. Kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani, nilisema.

Jambo moja lilinitatiza. Kila tuliposhangilia, Mkaguzi alitabasamu kidogo tu, kisha akainamia bakuli. Siku moja nikamuuliza ana nini.

"Dada, kila asubuhi anafungua duka peke yake."

"Ndiyo maana anaihitaji," nilimjibu. Akarudia supu yake, nami nikajiona nimeshinda.

Kisha jioni moja akaja na habari. Majaji wote watatu walikuwa wamekataa. Palikuwa bado na mahakama ya juu kabisa, lakini wakili hakuwa na tumaini nayo. Damu ilinichemka, nikaanza kuwatolea maneno majaji ambao sikuwahi kuwaona.

Kwetu, msiba hauachiwi wafiwa peke yao. Mtani akasimama. Akachukua upawa mkubwa wa laoban, akaufunga kwa kitambaa cha meza, akaulaza katikati ya mabakuli na kuanza kulia kwa sauti.

"Lala salama, bastola. Hukumpiga mtu, hukumpiga hata panya. Umeishi kwenye boksi la hanga na umezilinda hanga zote, haikuibwa hata moja."

Akatangaza kuwa marehemu hakuacha wosia, kwa hiyo mrithi ni yeye. Akakataza mtu yeyote kula mpaka mtani apewe mfupa wenye uboho. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Ndipo nikamwona Mkaguzi, nami kicheko kikanikauka. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba msibani kwetu mtani ana kazi yake. Alichokiona yeye ni mtu mzima anacheza na majonzi ya mama yake. Akasukuma kiti, akasimama, ngumi zimekunjwa.

"Kaa, kaka," nilimwambia, nikamshika mkono. "Ndugu hulia. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumchekesha mfiwa, na kumwambia lile ambalo ndugu wanaogopa."

Mtani hakutishika. Alikuwa ameupakata upawa kama mtoto mchanga. "Na mfiwa naye husema kweli," akasema. "Haya, marehemu ulimpenda?"

Mkaguzi alikunjua ngumi. Akaketi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakabaki baada ya kicheko kwisha.

"Hapana," alisema. "Nimefurahi wameikataa."

Nilikasirika, sifichi. Miezi yote ile nimempigania mama, kumbe mwanawe yuko upande wa jiji, na nikamwambia hivyohivyo.

"Sina upande," alisema. "Nataka awe hai. Mwizi angempokonya ile bastola kabla hajaishika vizuri. Nilidhani akishindwa atalifunga duka."

"Umemwambia?" mtani aliuliza.

"Bado."

"Basi matanga hayajaanuliwa." Akamrudishia laoban upawa wake, akasogeza simu ya kaunta.

Xintang ilikuwa jioni, kwa mama ilikuwa asubuhi. Mkaguzi akapiga, nasi tukamzunguka bila haya. Akamwambia yote. Alipomaliza, akaiweka simu mbali kidogo na sikio, na sauti ya mama ikatufikia, nyembamba, isiyo na hasira.

"Nilijua, mwanangu. Kila siku unaniuliza kesi imefikia wapi. Hujaniuliza hata mara moja ule mlango wa duka naufunguaje."



"Na duka silifungi," mama aliendelea. "Watu wanataka nguo zao. Sasa niache nishuke, muda umefika."

"Usikate," alisema. "Shuka na hiyo simu, haina waya."

Mtani akamwonyesha laoban kwa kidole azime televisheni, naye akaizima. Tukasikia ngazi, kisha komeo, kisha mlango wa chuma ukipandishwa kwa taabu, mara ukakwama, ukapanda tena. Baada ya hapo kimya. Laoban akaitazama saa, akaitazama simu, akaondoka kwenda kuosha masufuria. Mkaguzi alisimama palepale na simu sikioni mpaka akamsikia mteja wa kwanza akimwamkia mama yake.