Laptop ya Austine Ilivyoripoti Kazini Bila Yeye

Laptop ya Austine iliibwa Jumatatu. Jumanne asubuhi ikaripoti kazini.

Tulia nikueleze, maana huyu jamaa wa mtaa wa Pipeline alijitakia mwenyewe.

Austine alikuwa akiandikia kampuni moja ndogo ya mtaa wa Komarock programu za maduka, akifanyia kazi nyumbani. Alikuwa kwa majaribio. Ijumaa ndiyo siku ya kujua kama ataajiriwa kabisa, na mama yake alishaanza kutangazia watu kanisani.

Sasa, uvivu wa Austine ulikuwa na akili. Ile editor, programu anayoandikia msimbo wa kompyuta, aliipangia amri kadhaa zijiendeshe zenyewe kila inapofunguka: fungua mafaili ya jana, gawa skrini, kisha mtumie bosi imeili, "Habari ya asubuhi. Nimeingia kazini, ya jana nimemaliza."

Halafu akaiseti laptop, ikiwaka tu, editor ijifungue. Paswadi akaitoa. Ati inamchelewesha.

"Buda, mimi hubonyeza power narudi kulala," alimringia jirani yake, Nzivo.

"Na siku utashikwa?"

"Na nani? Bosi anaona imeili, ameridhika."

Haya. Jumatatu akatoka kununua soseji ya smokie, mlango ameuacha wazi. Kurudi, meza tupu.

Kumwambia bosi aliogopa. Akanyamaza wiki nzima, akizunguka kwa mafundi akiitafuta.

Ijumaa bosi wake, Madam Hikma, akamwita ofisini. Austine akajikaza.

"Madam, nisamehe. Tangu Jumatatu sijafanya kazi. Laptop yangu iliibwa."

Madam akamgeuzia simu. "Na hizi imeili za kila asubuhi, amenitumia nani?"

Asiposema ukweli, wizi wenyewe utaonekana uongo. Akiusema, ripoti zake zote tangu aanze ni uongo.

Akasema.

"Kwa hivyo wiki hii nimesalimiwa na mwizi."

"Ni... ni editor, Madam. Yeye aliwasha tu."

"Basi anaamka mapema kuliko wewe."

Austine akacheka, akidhani ameponea.

"Hebu nikuulize, mwanangu. Wiki nzima hukugusa kazi. Mimi sikujua. Wateja hawakujua. Hakuna aliyekuulizia hata mara moja. Sasa nikuajiri ufanye nini?"

Alishuka ngazi akiwaza atamwambia nini mama yake.

Nanyi mnaotuma mashine ziwasalimie mabosi, jaribuni kunyamaza siku moja tu. Kama hakuna aliyewatafuta, mlishafutwa kazi kitambo, ni vile hamjaambiwa.