Mazoezi Niliyoyafanyia Ukweni

Hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana Maparoni nzima wanalijua na watu wa huko wanakuja hapa Kibiti kila siku, na mimi aibu nimeshaimaliza yote.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu kukaa. Nesi alinipima presha akaniambia, "Mzee, usisubiri upate nafasi ya mazoezi, yachomeke humohumo kwenye shughuli zako." Basi nikawa nayachomeka kwelikweli: pasi ikichelewa kupata moto nachuchumaa na kuinuka, mteja akijaribu suruali nyuma ya pazia nachuchumaa na kuinuka (mke wangu akasema nimeingiwa na kitu), mpaka ikafika siku nikaenda Maparoni na dada yangu Zuhura kumposea mwanawe mke, mimi ndiye msemaji, nimevaa kanzu mpya niliyoishona mwenyewe.

Tulikaa kwenye boti mpaka miguu ikafa ganzi, tukafika, tukakaribishwa mkekani, na kwa kuwa wazee walikuwa bado wanakusanyika nikaona nafasi ndiyo hii, nikaomba kwenda msalani. Msala wenyewe wa makuti, ukuta unakufika shingoni, na upande wa pili wa makuti hayohayo ni bafu (hilo sikulijua). Nikafumba macho, nikaanza: chini, juu, chini, juu, nahema kwa nguvu kama nesi alivyonielekeza.

Kumbe shangazi wa binti tuliyekuja kumposa anaoga. Yeye alichokiona ni kofia ya mgeni inachomoza, inazama, inachomoza tena.

"We baba, unanichungulia?"

Hapo mtu mwenye akili angejibu. Mimi nikachuchumaa nikanyamaza, nikitumaini atadhani sipo.

Niliporudi mkekani habari ilishafika. Dada yangu kainamisha kichwa, baba wa binti ananitazama kwa upole unaouma kuliko matusi. "Mgeni wetu, huko ulikuwa unafanya nini?"

"Mazoezi."

"Msalani?"

"Nayachomeka kwenye shughuli."

Hakuna aliyecheka. Baba wa binti akasema, "Tuoneshe."

Nikaiona posa ya mtoto inafia mikononi mwangu. Nikasimama mbele ya wakwe, nikashuka vizuri kabisa, ila wakati wa kuinuka nikawa nimekanyaga pindo la kanzu, ikachanika mpaka kiunoni, na magoti nayo yakagoma, nikabaki palepale kama bata anayeatamia. Yule shangazi akatoka ndani, akanishika kwapa, akaninyanyua. "Huyu msimwonee," akawaambia. "Achungulie na nini, kusimama kwenyewe kunamshinda."

Ndipo walipoangua kicheko, na posa ikapokelewa kwenye kicheko hichohicho, msemaji nimefungwa kanga ya shangazi kiunoni. Kwenye boti, tulipokaribia kushuka, dada akanigeukia.

"Kaka, siku ya ndoa miguu ikikuuma, iache iume."

Mazoezi sijaacha, presha haina masihara. Lakini nayafanya chumbani kwangu, mlango nimeutia komeo, na nikifika kwa watu nakaa nilipokaribishwa mpaka niagwe.