Vigingi vya Mpera

Mwaka 1986 Zamzam Abeid alikuwa na miaka arobaini na miwili, na hakuwa amewahi kushika randa. Yeye alikuwa mshonaji. Sare za nusu ya watoto wa Kaloleni zilipita kwenye cherehani yake. Seremala alikuwa baba yake, Mzee Abeid, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alitengeneza vitanda, milango na makabati katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Wateja walimfuata kutoka kote mjini Kisumu na hata kutoka vijiji vya ufukweni.

Kisha mikono ya Mzee ikaanza kutetemeka. Siku alipokata mguu wa meza mara tatu na mara zote tatu ukatoka mfupi, alifunga kibanda kwa kufuli, akahamia barazani na redio yake. Hakulalamika. Ila aliacha kuimba, na kwa Zamzam, aliyekua akisikia nyimbo zake pamoja na sauti ya randa, kimya kile kilikuwa kibaya kuliko ile mikono.

Jumatano moja mama mnene mwenye kofia ya zambarau aliingia uani, nyuma yake mtu wa mkokoteni amebeba ubao mrefu. Alikuwa Anyango, mfanyabiashara wa samaki wa Asembo Bay. Kitanda chake cha arusi kilikuwa kazi ya Mzee Abeid.

"Mzee, nimekuja na shida," alisema hata kabla ya kukaa. "Mwalimu anastaafu. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo." Mwalimu alikuwa mume wake, Gordon, mkuu wa shule ya msingi. "Huyo mtu ako na kofia kumi na moja. Iko juu ya viti, iko juu ya redio, iko kwa kitanda yangu! Juzi mbuzi ameingia ndani akakula ile ya majani, akabakisha ukingo tu. Unajua Mwalimu alifanya nini? Alivaa huo ukingo siku mzima, eti aniudhi. Nataka kitu ya kutundika hizo kofia kwa ukuta. Na nataka itoke kwa hii mbao. Ni ya mashua yangu ya kwanza."

Mzee Abeid alipapasa ubao. Ulikuwa mvule, mzito, umepaukia ziwani. Kisha akaurudisha mkono wake mapajani.

"Mama, mikono yangu imestaafu kabla ya Mwalimu."

"Tutatengeneza," alisema Zamzam kutoka kwenye cherehani.

Wote wawili walimgeukia.

"Nani atatengeneza?" aliuliza baba yake.

"Mimi na wewe. Wewe utasema, mimi nitashika."

Anyango hakumpa Mzee nafasi ya kukataa. "Sawa! Vigingi kumi," alisema akiinuka. "Ya kumi na moja iko kwa tumbo ya mbuzi."

Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ikabidi walilainishe kwa mafuta ya taa. Zamzam alifagia utando wa buibui, akapanga zana juu ya benchi: msumeno, randa, patasi, keekee ya kutobolea. Baba yake aliketi kwenye kigoda mlangoni, na masomo yakaanza. "Usiusukume msumeno, utakata wenyewe. Legeza bega. Si hivyo, Zam, unakata mbao, hukati kitambaa." Siku ya kwanza alitoka na malengelenge mawili. Siku ya pili alikata ncha za ubao zikanyooka, na baba yake akasema, "Haya."

Ugomvi ulikuja siku ya tatu. Kwenye ubao yalikuwa yamebaki maandishi ya rangi ya buluu, mabaki ya jina la mashua: MOS MOS, yaani polepole kwa Kijaluo. Mzee alitaka yapigwe randa yote.

"Fundi hapeleki mbao chafu kwa mteja."

"Si uchafu, Baba. Ni mashua yake hiyo. Tukiipiga randa itakuwa mbao kama mbao nyingine."

"Na vigingi je? Chukua patasi nikuoneshe jinsi ya kuvichonga viwe mviringo."

"Sitachonga. Nitatumia matawi ya mpera wetu, vile yalivyo na panda zake."

Mzee alitazama juu kama anayeomba subira. Maisha yake yote alikuwa akiuondolea mti umbo la mti, na sasa binti yake alitaka kulirudisha. Alirudi barazani, akawasha redio kwa sauti kubwa. Baada ya nusu saa akarudi. "Angalau utoboe matundu yakielekea juu kidogo," alisema, "la sivyo kofia zitateleza." Na akakaa.

Zamzam alikata matawi kumi yenye panda, akayapiga msasa mpaka gome laini la mpera likang'aa kahawia na kijani. Alitoboa matundu, akatia gundi, akapachika vigingi, akapaka vanishi nyepesi. Maandishi ya buluu aliyaacha. Ijumaa jioni walisimama wawili kutazama. Mzee alizunguka mara mbili, kisha akasema ni kitu cha ajabu kabisa, na Zamzam hakujua kama ni sifa ama lawama.

Sherehe ilipendeza, wakaambiwa. Watu waliugusa ule ubao kuliko walivyougusa wali.

Wiki tatu baadaye, mwanamume mrefu mwenye koti alipiga hodi. Alikuwa amevua kofia na kuishika mbele yake kama sahani. Ndani yake mlikuwa na vigingi saba.

"Mimi ndiye Gordon," alisema. "Nimewaletea watoto wenu. Wamekataa kukaa kwangu."

Zamzam alihisi uso unawaka. Gordon alieleza kwamba kigingi cha kwanza kilianguka wakati wa chakula, ndani ya mchuzi. Cha pili kilianguka mchungaji akiwa katikati ya maombi, na kofia ikamvaa mchungaji mwenyewe. "Akaendelea kuomba nayo kichwani," alisema Gordon. "Mke wangu ilibidi atoke nje."

Mzee Abeid alichukua kigingi kimoja, akakigeuza, akakinusa. "Zam, matawi haya uliyakata lini?"

"Siku ileile, Baba."

"Mabichi?"

"Mabichi."

Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka Gordon naye akaanza, na mwisho Zamzam mwenyewe akashindwa kujizuia. "Mti mbichi hunywea ukikauka," alisema Mzee akifuta macho. "Nilikaa mlangoni siku zote hizo nikitazama maandishi, nikasahau kuuliza jambo la kwanza. Kosa ni letu sote wawili."

Safari hii hawakuharakisha. Zamzam alikata matawi mapya na kuyapanga juu ya meko ya jikoni, moshi na joto vikayakausha kwa miezi miwili na zaidi. Kisha wakaenda Asembo Bay wote wawili, Mzee akiwa amevaa kanzu ya Idi na amebeba nyundo yake ya mti. Alikuwa hajatoka Kaloleni kwa miaka minne.

Kazi ilifanyika nje, mbele ya nyumba ya Gordon. Zamzam aliyatoboa matundu zaidi mpaka yakatokea nyuma ya ubao, akapitisha vigingi vikavu, akapasua kidogo ncha zake. "Sasa kabari," alisema Mzee, akimpa vipande vyembamba vya mvule. Zamzam alishikilia kabari ya kwanza, kisha akageuza uso kwa baba yake.

"Piga wewe."

"Mkono huu?"

"Nyundo ni pana, Baba. Piga."

Alipiga. Nyundo ilitetemeka njiani lakini ikafika. Kabari iliingia, kigingi kikakaza. Akapiga ya pili, ya tatu, na kufikia ya tano alikuwa akiimba, kwa sauti ya chini, huku Anyango akipiga makofi kutoka jikoni alikokuwa akikaanga samaki aina ya ngege. Gordon alining'inia kidogo kwenye kigingi cha mwisho kukijaribu. Hakikusogea.

"Ero kamano, fundi," Anyango alimshukuru Zamzam, akimpa mkia wa samaki mkubwa kuliko wote.

Jumatatu iliyofuata Mzee alikuwa tayari amevaa viatu kabla ya chai. Alitaka waende Kisian, kwa muuza mbao aitwaye Wabwire. Wabwire alimpokea Mzee kwa furaha, akamwonesha mbao zilizonyooka, zisizo na hata fundo moja.

"Muoneshe huyu," alisema Mzee, akimsogeza binti yake mbele.

Zamzam alipita mbele ya mbao zote nzuri. Kule nyuma, kwenye zile za kuni, alivuta ubao wa mjakaranda uliopinda, wenye tundu katikati na gome upande mmoja.

"Huu."

"Mama, hiyo ni ya kupikia," alisema Wabwire.

"Huu," alirudia Zamzam.

Mzee Abeid alilalamika njia nzima mpaka Kaloleni. Alisema ubao ule ungetia aibu hata banda la kuku, alisema tundu lile lingepitisha paka, na walipokaribia nyumbani alimwuliza Zamzam kama anafikiri kuliacha wazi, ama watalizungushia kitu.