Mpira Mdomoni mwa Tangi

Lori la Baba lilizima mara ya tatu tukiwa katikati ya foleni ya mpaka wa Kasumbalesa. Mbele lori, nyuma lori, kulia mtaro, kushoto malori yanayorudi kutoka Zambia. Kutoka hapo ungeweza kwa miguu tu, lori uliache.

Na kuliacha hatukuweza. Asubuhi, nyumbani mtaa wa Hewa Bora, Baba alituambia mimi na Yaya, kaka yangu mkubwa: "Ikirudi inavutwa kwa kamba, nauza chuma kwa kilo." Hakuwa anatishia tu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishapita kulitazama, tena kwa macho ya fisi. Mimi humo ndimo nilimoweka ndoto zangu zote: Yaya angenifundisha usukani, na siku moja ningevuka mpaka nikiwa dereva, kiwiko dirishani, niende hadi barabara inapoishia.

Tuliamini kosa ni la mikono yetu. Wiki ile tulibadilisha filta ya mafuta wenyewe uani, tukapampu kutoa hewa mpaka vidole vikanuka mazutu, ndiyo dizeli yetu ya huku. Basi kila lilipozima Yaya aliruka chini na spana.

"Ni hewa. Inaingia pale ulishika weye."

"Nilishika mimi, ukakaza weye, Yaya."

"Nyamaza, fungua tangi, uangalie kama balituibia mazutu."

Dereva wa nyuma, mzee wa kandambili, alitoa kichwa dirishani. "Batoto! Kamyo yenu iko na malaria? Inalala, inaamuka, inalala! Ikilala tena tunaisukuma ku mutaro."

Nilicheka, maana alisema vizuri. Kisha nikakumbuka tulishapita lori moja lililosukumwa hivyo, dereva wake amekaa juu ya tairi anakula yai la kuchemsha, hana haraka tena. Kicheko kikanikauka.

Nikaenda kwenye tangi. Mfuniko wake uliibwa mjini, na kwenye foleni ile ukisinzia watu wanakunyonyea mafuta. Kwa hiyo tulipokwisha kulijaza pomoni, niliziba mdomo kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nikakizungushia kamba ya mpira hadi jasho likanitoka. Baba mwenyewe alisifu kabla hatujaondoka: "Hapo hata shetani hatakunywa."

Sasa ule mpira ulikuwa umebonyea ndani, kama tumbo la mtu aliyeshinda na njaa. Nilipoulegeza upande mmoja, fyuuu! Tangi lilivuta pumzi ndefu. Mafuta yalikuwapo tele. Yaya akapiga stata, injini ikawaka.

"Si nilikuambia! Ni ile spana!"

Mimi nilibaki nimesimama. Mara ya kwanza, tulipotoka mjini, lilizima, nikafungua kuangalia kama tumeibiwa, likawaka, nikafunga tena. Mara ya pili vilevile. Kila mara Yaya alikaza, na kila mara mimi nilifungua.

"Yaya, si filta. Mafuta yanatoka, hewa haina pa kuingilia. Nimelinyonga."

Nililionea huruma lori, kama mtoto uliyemfunika blanketi usoni ukidhani unamkinga na baridi.

Foleni ikasogea. Nyuma honi zikaanza. Yaya akashuka na kisu, akakata kamba yangu kwa pupa, na mpira nao ukapasuka vipande viwili.

"Sasa tunafunika na nini, mutaalamu?"

Nilivua fulana, nikaitandika mdomoni mwa tangi bila kuikaza. Hewa ingepita. Mkono wa mwizi pia ungepita.

"Basi utatembea," Yaya akasema, akapanda kwenye usukani.

Nikatembea kando ya lori, kiganja juu ya fulana, mgongo wazi juani. Siwezi kwenda mbele, siwezi kubaki nyuma, hata kujikuna kwa mkono ule siwezi.

"Ee! Unaichunga kama mbuzi?" mzee wa kandambili akapaza sauti.

"Ndiyo, mzee! Usiiogopeshe na honi!"

Tulisogea, tukasimama, tukasogea. Ulipita muda ambao kwa kawaida lingekuwa limeshazima. Yaya alinichungulia kwenye kioo, akiogopa kuitaja bahati hiyo. Injini ilinguruma tu. Chini ya kiganja nilisikia fulana ikivutwa ndani kidogo, pole pole, kama mtu anayelala vizuri.

Geti la mpaka likafunguliwa. Nikaingia Zambia kwa miguu, tumbo wazi, mkono mmoja kama umefungwa kwenye lori la Baba.