Ndewe ya Bibi

Usingizi ulinipaa siku tatu kwa sababu ya tundu nisilolitoboa.

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi miwili nyuma, nikijifunza kazi katika karakana ya viungo bandia hapa Dodoma. Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi wa Kigogo kutoka Kibakwe. Sikio lake la kulia lilikatwa na madaktari kwa sababu ya uvimbe, na tangu hapo hakuvua kitambaa mbele za watu. Jumamosi mjukuu wake alikuwa anaoa, naye alitaka kucheza kichwa wazi.

Nilichonga sikio la nta nikiliangalia lile la kushoto, nikapata kalibu ya plasta, nikachanganya silikoni na rangi hadi ikafanana na shavu lake. Likatoka laini, linakunjika kama nyama. Ila ndewe ya sikio lake la kushoto ilitogwa utotoni na kutanuliwa, kidole gumba kinapita. Mimi, eti kwa heshima, sikuliweka tundu hilo. Nilimpa sikio la kitabuni.

Je, atachukia? Nikimuuliza, ataona namcheka? Hata nikipiga mswaki nilijishika ndewe.

Jumatano akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Lete mahari yangu."

Nikalibandika kwa gundi ya ngozi. Akajitazama kwenye kioo, kushoto, kulia.

"Zuri. Ila ni la nani?"

"La kwako, bibi."

"La kwangu? Mimi nilivumilia mwiba, nikavumilia na vijiti. Hili halijavumilia kitu!" Akafungua fundo la khanga, akatoa hereni mbili nene za shanga. "Hii nyingine nikuvalishe wewe?"

Msimamizi wangu, mama asiyecheka ovyo, alicheka hadi akaweka chini kikombe chake cha chai. Kisha akaninong'oneza, "Ukilitoboa kwa wembe litachanika akicheza. Kuna siku mbili tu. Tumpe hivyo hivyo?"

Kwa kawaida swali kama hilo lingenichukua hadi Jumapili. Nililibandua lile sikio, nikalitupa kwenye pipa la mabaki, nikaanza kuyeyusha nta.

"Bibi, kaa hapo nilitazame sikio lako vizuri."

"Tazama, mume wangu. Leo nakuruhusu."

Nta ilipoanza kushika umbo, nilipitisha kidole gumba kwenye ndewe ya nta, hadi upande wa pili.